Mpeni Chakula

Somo: Marko 5:21-24 na 35-43



Mvua imeanza. Jumamosi iliyopita, saa kumi na moja asubuhi, nilikuwa nimesimama kwenye barabara ya Kasenga nikitafuta gari. Likapita lori limejaa akina mama, majembe yamefungwa kwa kamba, viloba vya mbegu magotini, mmoja ananyonyesha. Walikuwa Wapentekoste, Wakatoliki, Wametodisti, na nadhani hata wale wasiosali mahali popote. Mmoja akaniita: "Baba Pasta, panda, wewe pia ukalime!" Wote wakacheka. Nikapanda.

Njiani walizungumza juu ya bei ya meka ya unga, juu ya mbolea, juu ya waume. Halafu mama mmoja akasema kwamba shamba lake la mwaka jana halikutoa kitu, na kwamba sasa wanajua sababu. Ni mtoto wa dada yake marehemu, anayelala kwake. "Anakula mavuno usiku," akasema. Hakuna aliyeshangaa. Walitikisa kichwa kama watu wanaosikia jina la ugonjwa wanaoujua. Na mimi, mchungaji, nilinyamaza karibu kilomita kumi. Wale wanaonijua wanajua kwa nini nilinyamaza. Wengine nitawaambia mbele kidogo.

Kwanza nataka turudi nyuma, zaidi ya miaka 130, kabla muji huu haujaitwa Élisabethville wala Lubumbashi, kabla ya treni kufika mwaka 1910. Vijana wetu wanafikiri Injili iliingia Katanga pamoja na mikro na ngoma za betri. Hapana. Iliingia kwa miguu, na mahali ilipoingia palikuwa kati ya mashamba.

Nchi hii ilikuwa inaitwa Garenganze, na mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya, upande wa kaskazini ya Likasi. Mfalme alikuwa Msiri, mtoto wa Kalasa. Jina lake la kwanza lilikuwa Ngelengwa. Alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, katika watu waliokuja huku kutafuta shaba, naye akabaki na kutawala. Mpaka leo, kila tarehe 20 Desemba, Wayeke wanamkumbuka huko Bunkeya. Misafara yake ilibeba pembe za ndovu, shaba na watumwa, mingine ikienda Benguela kwenye bahari ya magharibi, mingine kwenye pwani ya Waswahili. Watoto wa shule wanajifunza habari za Msiri, bunduki zake na wake zake wengi. Mara chache wanajifunza habari za wale waliolisha mji ule.

Waliolisha mji walikuwa wanawake wenye jembe. Wanaume walikata miti na kuchoma matawi, kisha wanawake walilima, walipanda, walipalilia. Walipanda mtama kwanza, kwa sababu mtama ndio uliokuwa chakula cha nchi hii mbele ya mahindi kuushinda. Walipanda pia mahindi, mihogo, karanga, maharagwe, maboga na viazi vitamu. Jembe lilitoka kwa mhunzi wa kijiji, na lilikuwa kitu cha thamani, watu walilitoa hata kwa mahari. Mtama ulipoanza kukomaa, watoto walikaa shambani tangu asubuhi kufukuza ndege kwa kelele na mawe. Usiku mtu alilala kwenye kibanda kwa sababu ya nguruwe wa pori. Katika mvua mama aliingia msituni kutafuta bowa, na wakati wake ulipofika, vinkubala. Mnaona, dada zangu, bibi zenu wangetambua kila kitu mnachouza sokoni Kenya, isipokuwa sardini na mayonezi.

Mavuno yakiisha na nyasi zikikauka, jembe lilipumzika lakini watu hawakupumzika. Walikwenda kwenye vilima vya shaba. Walichimba lile jiwe la kijani, malakiti, wakalitenga, wakalichoma katika tanuru za udongo kwa makaa ya mti na mivukuto ya ngozi, na shaba ilipoyeyuka waliimimina katika udongo uliochongwa umbo la msalaba. Wengine walikwenda Mwashya kutengeneza chumvi. Misalaba ile ya shaba ndiyo ilikuwa franka ya wakati ule. Ulinunua nayo jembe, kitambaa, mbuzi. Ulinunua nayo hata mtu. Ninapoifikiria ninatetemeka: mababu zetu walishika msalaba mkononi miaka mingi kabla hawajasikia habari ya Msalaba, na kwa ule msalaba waliweza kununua mtoto wa jirani.

Basi tarehe 14 Februari 1886, Mskoti mmoja aliingia Bunkeya. Jina lake Frederick Stanley Arnot, umri wake miaka 27. Alitoka Benguela, safari ndefu. Hakuwa na jeshi, hakuwa na shirika kubwa nyuma yake, alikuwa mtu wa wale ndugu wanaojulikana huku kwetu kama Garenganze. Nataka uangalie ule mwezi. Februari! Wewe unayelima unajua Februari ni nini. Ghala la mwaka jana limekwisha, na mahindi mapya bado ni machanga. Ndiyo miezi ambayo mama anapika bukari ndogo na kusema yeye ameshiba. Injili ilifika Katanga katika mwezi wa njaa.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Arnot alikuwa mgeni wa namna hiyo. Kule Bunkeya hakukuwa na duka. Alikula kile watu walikula, akanunua unga kwa kitambaa ao chumvi kama kila mtu. Hakuweza kwenda hapa na pale bila ruhusa ya mfalme. Alikaa saa nyingi barazani kwa Msiri akingoja zamu yake, akisikiliza kesi za watu. Hakujua lugha ya nchi, alianza kwa Kiumbundu, lugha ya wafanyabiashara wa Angola, mpaka sikio lake likazoea. Je, alihubiri? Ndiyo. Je, umati uliokoka? Hapana. Mtumishi wa Mungu wa leo akikaa miezi 6 bila kuona watu kuongezeka, anabadilisha bango la kanisa. Yule alikaa miaka 2, na alipoondoka mwaka 1888 hakuacha jengo hata moja ambalo ungelipiga picha.

Aliacha nini basi? Hapa ndipo somo letu.

Misafara ya watumwa ilipita Bunkeya. Mtu mzima mwenye nguvu alikuwa na bei. Mwanamke kijana alikuwa na bei. Lakini mtoto mdogo sana, yule asiyeweza kutembea mpaka Angola, yule aliyekonda na ambaye mama yake amekufa njiani, hakuwa na bei. Hakuna mfanyabiashara aliyetaka kumnunua, kwa sababu angekula unga wa safari kisha afe. Watoto kama hao waliachwa. Na baadhi yao waliishia kwenye mlango wa Arnot. Hakuwa amekuja kufungua nyumba ya yatima. Hakuwa na mke wakati ule, wala mama wa kumsaidia kupika. Lakini aliwapokea. Mwisho wa mwaka 1887 wakafika wengine wawili, Charles Swan na William Faulknor, na huyu Faulknor aliugua mara nyingi. Sasa fikiri nyumba ile: wanaume wageni, mmoja mgonjwa, na kundi la watoto wanaolia usiku.

Mnajua mtoto aliyelala njaa muda mrefu anafanya nini akipewa chakula? Anaficha. Anaweka kipande cha muhogo chini ya mkeka. Anaamka usiku kuangalia kama bado kipo. Nimewaona wenyewe hapa mjini.

Ndugu, kanisa la kwanza katika nchi hii halikuwa la machifu wala la wasomi. Lilikuwa watoto waliokosa mnunuzi, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kutafuta unga. Asubuhi, unga. Jioni, maombi na neno kidogo. Kesho yake, unga tena. Sisi Wapentekoste tunapenda kusema ibada ya kwanza ni sifa. Mimi sasa ninafikiri ile sufuria pia ilikuwa ibada.

Sitaki mwafanye wamisionari kuwa malaika. Walikuwa na kiburi cha wakati wao, na baadhi ya maandiko yao juu ya watu wetu hayapendezi kusoma. Tena baada yao dola ya Leopold ilikuja na bunduki. Lakini mtu akifanya jambo jema shambani kwetu, tuseme ni jema.

Turudi Bunkeya, mwaka 1891. Ulikuwa mwaka mbaya. Basanga waliasi juu ya utawala wa Msiri. Mashamba yakachomwa, watu wakakimbilia msituni na milimani. Kisha ikaja ile safari ya dola ya Leopold chini ya kapiteni Stairs, na tarehe 20 Desemba Msiri akapigwa risasi na kufa. Mwalimu wa historia atakuambia mambo ya bendera na mikataba. Mimi mtoto wa mkulima ninaangalia tena mwezi. Tarehe 20 Desemba ni wakati mbegu inapaswa kuwa ardhini, mama ameinama anapalilia mara ya kwanza. Siku ile mji ulitawanyika. Nani angepalilia? Mbegu yenyewe ilikuwa imeliwa. Njaa iliyokuwa imeanza ikawa njaa kubwa. Watu wa safari ya Stairs wenyewe, wenye bunduki na mizigo ya vitambaa, walikufa wengi kwa njaa na kuhara, kwa sababu kitambaa hakiwezi kununua unga ambao haupo.

Na katika njaa kama ile watu walifanya nini? Walitafuta mchawi. Katika nchi zetu zamani, mavuno yakikosa ao mtu akifa bila sababu inayoonekana, walimtafuta aliyekula, na akishatajwa, alinyweshwa mwavi. Akitapika, hana kosa. Akifa, basi, walisema, tulijua. Angalieni nani alitajwa mara nyingi: mjane asiye na kaka wa kumtetea, mtumwa, mtoto wa kupewa. Sijasoma popote kwamba mwavi ulitafuta mtu tajiri mwenye watoto wanaume sita.

Kulikuwa kijana mwingine wa Scotland, Dan Crawford, aliyefika Bunkeya mwaka 1890, kabla ya ile ajali. Yeye na wenzake waliondoka Bunkeya, na baada ya muda akasogea mpaka ziwa Mweru, na hapo, upande wetu wa ziwa, akaanzisha kijiji cha Luanza juu ya jabali. Watu walimwita Konga Vantu, mkusanya watu. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Wenyeji ndio waliompa, kwa sababu kila alipopita, waliokuwa wametawanyika walimfuata: watu wa Msiri wa zamani, wakimbizi, watumwa waliotoroka, wanawake wenye watoto ambao hakuna mtu aliyeuliza baba yao ni nani. Alikaa nao mpaka alipokufa huko Luanza mwaka 1926.

Maisha ya Luanza yalikuwa ya jembe na wavu. Walilima mihogo, walivua samaki wa Mweru, walijifunza kusoma, na Crawford akatafsiri Maandiko kwa lugha ya Basanga. Hebu fikiri Jumapili yao. Mtu amekaa karibu na mtu ambaye ndugu zake walichoma shamba la baba yake mwaka 1891. Mwanamke aliyeuzwa amekaa nyuma ya mwanaume wa watu waliouza. Wote mikono yao ina udongo uleule, kwa sababu Jumamosi walikuwa shambani. Hapo hakuna mtu anayeweza kusema "mimi ndimi mwenye kanisa hili."

Hata sisi Wapentekoste tumetoka katika shina hilo. William Burton na James Salter walipofika Mwanza, katika nchi ya Baluba, mwaka 1915, Mungu alikuwa amewatangulia. Watu waliokuwa wameuzwa mpaka Angola walisikia Injili kule utumwani, na walipopata uhuru walirudi kwa miguu kwenye vijiji vya baba zao, wakitafuta mtu wa kuwafundisha zaidi. Pamoja nao alikuwa Shalumbo, ambaye zamani alikuwa mshambuliaji wa vijiji, mtu wa kukamata watu. Mkamataji na waliokamatwa wakahubiri pamoja. Hao ndio baba zetu katika imani. Tuliokolewa kwa midomo ya watu ambao soko lilikuwa limewaweka bei.

Sasa niseme langu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika kanisa ninalochunga, familia moja ilileta mtoto wa kiume. Alikuwa na miaka minane hivi. Mama yake alikuwa amekufa, baba hakujulikana aliko, aliishi kwa mjomba. Mjomba alikuwa amepoteza kazi, na mvua ya mwaka ule ilikatika Januari, mahindi yakakauka yakiwa yanatoa maua. Walikuwa wamezunguka kwa watumishi wengine kabla ya kufika kwangu. Walisema mtoto anaamka usiku. Walisema anaficha vitu chini ya mkeka. Walisema macho yake si ya mtoto.

Mimi nilikuwa nimetoka shule ya Biblia, ninajua Kigiriki kidogo, ninajua kugawanya barua kwa Warumi sura kwa sura. Na nilisema: alete, afunge siku tatu, tutamfungua. Siku tatu, mtoto wa miaka minane. Hakuna aliyenilazimisha. Mama wa maombezi mmoja, mzee, aliniuliza polepole, "Baba, hata maji?" Nikamjibu kwa ukali kwamba vita vya kiroho havifanywi kwa huruma. Ninaandika neno hilo hapa na mkono wangu ni mzito.

Usiku wa pili mtoto alitoka kwenye chumba tulichomfungia kando ya kanisa, akafika mahali ambapo mashemasi walikuwa wameweka viloba vya mbegu za kugawia wajane. Zilikuwa mbegu za duka, zile zilizopakwa dawa nyekundu. Akatoboa kiloba. Akala.

Asubuhi tulimkuta anatapika, midomo na vidole vyekundu. Na mnajua kelele ya kwanza iliyopigwa ilikuwa gani? Haikuwa "mpeni maji." Ilikuwa "Mnaona! Tumemkamata akila mbegu!" Walisema hivyo kwa furaha. Wale watu si wabaya, wengine ni wenye kutoa zaka na kutembelea wagonjwa. Nami, kwa dakika moja hivi, niliamini. Yule mama mzee ndiye aliyembeba mgongoni, akasimamisha taksi-moto, akalipa kwa pesa yake ya chumvi, akampeleka hospitalini. Mtoto aliishi. Daktari aliniita kando. Maneno aliyoniambia sitayachapisha.

Nilirudi nyumbani nikafungua Marko sura ya tano, kwa sababu nilipaswa kuihubiri Jumapili ile. Niliijua vizuri: Yairo, binti wa miaka kumi na miwili, waombolezaji, Yesu anamshika mkono, msichana anasimama. Mahubiri yangu yalikuwa na vichwa vitatu, vyote vinaanza na herufi moja. Lakini kuna kitu mwishoni mwa mstari wa 43 ambacho sikuwa nimekihubiri hata mara moja. Soma mwenyewe. Baada ya muujiza, watu wakiwa bado wameshangaa, Yesu anaagiza msichana apewe kitu cha kula. Yeye mwenye kuamuru kifo, anakumbuka kwamba mtoto ana njaa. Wazazi walisahau kwa furaha. Petro, Yakobo na Yohana walikuwepo chumbani, hawakufikiri. Bwana alifikiri.

Tena nilitafuta katika Injili zote nne. Wako watoto walioletwa kwa Yesu wakiteswa na pepo. Hakuna hata mmoja aliyemfunga njaa. Hakuna aliyemwuliza amekula nani. Yule kijana aliyekuwa akianguka, Luka 9, alimponya na kumrudisha kwa baba yake. Mwana wa mjane wa Naini alimrudisha kwa mama yake. Kazi ya Yesu juu ya mtoto inaishia nyumbani, mikononi mwa mtu. Yetu mara nyingi inaishia barabarani, na ukipita usiku katikati ya muji utawaona wale tuliowamaliza kuwaombea, wamelala kwenye katoni mbele ya maduka.

Usinisikie vibaya. Sisemi kwamba shetani hayupo. Nimekaa katika huduma muda wa kutosha kuona mambo ambayo kitabu cha daktari hakina. Ninachosema ni kwamba shetani hakuhitaji kuingia ndani ya mtoto yule. Aliingia ndani ya mchungaji aliyeshiba.

Na kwa wale wanaopenda kusikia sheria: Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka kifungo. Hata mchungaji anaingia gerezani. Nami ningestahili.

Sasa turudi kwenye lori. Yule mama aliposhuka, nami nikashuka. Akafikiri nimefika kwangu. Nikamwambia, "Mama, nionyeshe shamba." Akanionyesha. Tulitembea kati ya mabua ya mwaka jana, na mimi nimelelewa shambani, niliona mara moja. Kipande kilekile kimelimwa mahindi miaka sita mfululizo, bila mbolea, bila karanga wala maharagwe kukipumzisha. Magugu yale ya udongo uliochoka yamejaa. Nikachukua udongo mkononi, nikamwonyesha, mwepesi kama majivu. Nikamwambia, "Mama, aliyekula mavuno yako ni mahindi ya miaka sita." Alicheka kidogo. Kisha akanyamaza, akasema, "Lakini Baba, mume wangu hataamini hiyo."

Nikamweleza habari ya yule mtoto wa mbegu nyekundu. Yote, pamoja na siku tatu. Alikaa chini juu ya kiloba chake. Akaniuliza mtoto yule yuko wapi leo. Nikamwambia: yuko kwa yule mama mzee, anasoma, Jumamosi anamsaidia kulima upande huuhuu wa Kasenga, na anakula bukari kama wanaume wawili. Mpaka mwaka jana bado alikuwa akificha mhogo chini ya mkeka. Mama mzee anajua, hasemi kitu. Anapofagia anauacha palepale.

Yule mama hakuniahidi jambo. Alisema tu kwamba mtoto wa dada yake hajala tangu Alhamisi jioni, kwa sababu Jumapili walipaswa kumpeleka mahali fulani kwa maombi. Ilikuwa Jumamosi. Tuliacha jembe pale. Tulirudi barabarani, tukangoja gari karibu saa nzima, tukafika kwao Katuba jua likiwa kali. Mtoto ni wa kike. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba kwenye kivuli kidogo cha ukuta. Mume hakuwepo. Mama aliwasha moto mwenyewe, akapika bukari na sombe, na nilimwomba aanze na uji mwepesi, kwa maana tumbo lililokaa njaa halichukui chakula kizito mara moja. Mtoto alimwangalia mama kwanza kabla ya kugusa kikombe, kuuliza kama ni ruhusa. Mama akageuza uso.

Jumapili hawakwenda kule mahali. Mume amesema ataongea nami Alhamisi. Nitakwenda na yule mama mzee. Ninyi mnaosikiliza, mnaosoma, ombeni juu ya Alhamisi hiyo, saa kumi jioni. Na kama ndani ya parseli yako kuna mtoto anayefungishwa leo kwa sababu kama hizo, usingoje mwisho wa redio, wala usingoje mchungaji wako atoe neno. Weka maji motoni. Tuombe.